Mume Wangu, Mchuchumio na Kifundo cha Mguu

Mwenzenu viatu vya mchuchumio nimevifungia kabatini, na ndani ya nyumba tulikuwa tumenuniana.

Ilianzia kwenye sendofu ya shoga yangu. Nashuka ngazi moja tu, unyayo ukageukia ndani, nikasikia ta! Usiku mume wangu akanichua kwa mafuta ya moto, kwa mapenzi yote. Asubuhi kifundo kimekuwa embe dodo. Wiki tatu baadaye nikateguka tena, safari hii nimevaa ndala! Mzee akaguna: "Mbona wacheza mpira wanateguka na wanarudi uwanjani?" Iliniuma kuliko mguu.

Tukaenda wote kwa mtaalamu wa viungo, akatuchorea. Upande wa nje kifundo kinashikwa na kano tatu. Ile ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayochanika kwanza. Upande wa ndani kuna kano pana, ngumu kweli kweli, kwa hiyo wengi wetu mguu hugeukia ndani na maumivu huwa nje.

Na mchuchumio je? Mfupa unaobeba kifundo ni mpana mbele, mwembamba nyuma. Kisigino kikiwa juu, sehemu ile nyembamba ndiyo inayokaa katikati ya mifupa miwili ya muundi, basi kifundo kinapwaya, huku kano ya mbele imeshavutika. Kokoto moja tu inatosha.

Kuhusu mafuta ya moto, mume wangu aliinamisha kichwa. Siku za mwanzo joto na kuchua huongeza uvimbe. Barafu ndani ya taulo, dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu juu ya mto. Ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, nenda kapige eksirei.

Kilichonishangaza ni hiki: ndani ya kano mna mishipa ya fahamu inayouambia ubongo mguu umekaaje. Kano ikichanika, taarifa hizo zinavurugika. Uvimbe wangu uliisha, lakini mguu ulikuwa bado "hausikii". Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja kila siku, ukishaweza kuukanyagia bila maumivu.

Basi kila asubuhi nasimama hivyo nikipiga mswaki, mume wangu pembeni anahesabu. Jana nilifika sekunde 22. Yeye, na mpira wake wote wa Jumapili, aliyumba kwenye 14.