Vyakula Laini Viwe na Tarehe ya Mwisho

Kuna agizo ambalo mgonjwa wa tumbo wa Ngara au Biharamulo hurudi nalo nyumbani akilishika kuliko hata vidonge alivyopewa: kula vyakula laini. Huandikwa katika daftari lake la matibabu bila kuelezwa ni laini kwa siku ngapi. Akifika nyumbani, maharage huondolewa sahanini, mahindi ya kuchoma hupigwa marufuku, na dona hubadilishwa kwa sembe. Mwaka hupita, wa pili hupita, naye bado anakunywa uji mweupe. Kwa mwenye ugonjwa wa vijifuko vya utumbo mpana, agizo hilo lisilo na mwisho humnyima chakula kinachomfaa zaidi.

Vijifuko hivyo hutokea mahali ambapo ukuta wa utumbo ni dhaifu, pale mishipa ya damu inapopenya misuli. Kinyesi kikiwa kidogo na kikavu, inaaminika kwamba utumbo hulazimika kujikaza kwa nguvu ili kukisukuma, na shinikizo hilo huutokeza utando wa ndani kama kijipira. Umri na urithi navyo huchangia. Wengi walio na vijifuko hawahisi lolote maisha yao yote. Wachache hupata uvimbe wenye maumivu na homa, au hutokwa na damu nyingi kwa njia ya haja kubwa, mara nyingi pasipo maumivu.

Hoja ya nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wetu wa lishe huziita pia makapi-mlo, ilipata nguvu kutokana na yaliyoonekana jirani nasi. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, na Hugh Trowell, tabibu wa Mulago, waliona kwamba maradhi haya yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu mno kwa wagonjwa wao wa Kiafrika. Mwaka 1971 Burkitt na Neil Painter waliandika kwamba huu ni ugonjwa wa upungufu: upungufu wa nyuzinyuzi. Watu waliowazungumzia walikula ndizi, maharage, viazi vitamu na mtama, yaani chakula ambacho bibi yeyote wa Rulenge au Nyakahura angekitambua.

Hata hivyo, tusiifanye habari hii iwe tamu kupita ukweli wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 haukukuta vijifuko vichache kwa walaji wa nyuzinyuzi nyingi. Kwa hiyo simwahidi mtu kwamba maharage yatavifuta vijifuko alivyo navyo. Havifutiki kwa chakula. Ushahidi ulio imara zaidi unahusu madhara yake. Uchunguzi wa watu wapatao 47,000 huko Uingereza na Uskoti, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wasiokula nyama walikuwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 31 ya kulazwa au kufa kwa ugonjwa huu, na waliokula nyuzinyuzi nyingi nao walikuwa salama zaidi. Na ile hofu ya kale kwamba mbegu, karanga na mahindi hunasa ndani ya vijifuko? Wanaume 47,228 wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka 18, na matokeo ya mwaka 2008 hayakuiunga mkono hata kidogo. Karanga zirudi mezani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa takriban nusu ya kiasi hicho. Ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, kisamvu au matembele pembeni, na parachichi baada ya mlo, ni tiba ambayo haihitaji duka. Ugali wa muhogo mtupu hauna msaada huo. Uandamane na mboga na jamii ya kunde. Dona huzidi sembe kwa mbali, ila mahindi yakaushwe vyema, maana kuvu hutia sumu, na unga usagwe kidogo kidogo kwa kuwa huchacha upesi.

Nyongeza ifanywe taratibu, kwa wiki kadhaa, na maji ya kunywa yaongezwe. Anayeruka kutoka uji mweupe hadi bakuli la maharage kwa siku moja atajaa gesi, kisha atalaumu maharage.

Vyakula laini vina wakati wake. Mgonjwa aliyepatwa na uvimbe apumzishe utumbo kwa vinywaji na vyakula vyepesi kwa siku chache, kisha, maumivu na homa vikipungua, arejee hatua kwa hatua. Mhudumu wa afya na aandike hivyo: laini hadi tarehe fulani, halafu maharage. Maumivu yakizidi, akitapika, tumbo likivimba au akishindwa kutoa hewa, hapo si suala la lishe tena. Apelekwe hospitali bila kumpa kitu cha kula. Anayetokwa na damu vilevile.

Nasisitiza pia kwamba zahanati haiwezi kuviona vijifuko. Huthibitishwa kwa CT skani au kolonoskopi, na kwa wengi wetu hiyo ni safari ya hospitali ya rufaa, kama Bugando kule Mwanza. Amiba, taifodi, kichocho na saratani huweza kujificha nyuma ya dalili zinazofanana, na kwa Waafrika vijifuko huweza kuwa upande wa kulia, vikadhaniwa kidole tumbo. Wakati huo wa kusubiri, diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa ziepukwe: huongeza hatari ya utumbo kutoboka na kuvuja damu. Parasetamoli inafaa zaidi.

Jambo la mwisho ni la chumba cha daktari. Mzee anayetibiwa, mara nyingi, si yeye apikaye. Mkewe, binti au mkwewe aliyemsindikiza huachwa kwenye benchi nje, kisha hupokea agizo la chakula kwa kusimuliwa njiani. Aitwe ndani, aonyeshwe tarehe iliyoandikwa, aulizwe jikoni kuna nini.