iPod na Zune: Kilichomfaa mpenzi wa taarabu Mombasa

KAMPUNI ya Apple ilipozindua iPod mnamo Oktoba 2001, kwa dola 399, ilijigamba kuwa nyimbo 1,000 zingetosha mfukoni. Microsoft ilijibu Novemba 2006 kwa Zune ya gigabaiti 30, yenye redio ya FM ndani yake. iPod haikuwa na redio yake hadi 2009.

Kwa kipimo hicho, Zune ingalimfaa zaidi muuza leso wa Biashara Street, Mombasa. Lakini Microsoft iliiuza Marekani na Kanada pekee, ikaacha kuitengeneza mwaka wa 2011.

Isitoshe, vyote viwili vilidai kompyuta na programu maalumu ndipo nyimbo ziingie. Taarabu ya Mombasa, nayo, ilikuwa kwenye kaseti. Sauti za Juma Bhalo na Zein l'Abdin zilinaswa harusini, zikanakiliwa na kuuzwa na maduka kama Mbwana Radio Service. Duka la nyimbo la Apple, lililofunguliwa Aprili 2003, liliwauzia Wamarekani tu hapo mwanzo. Mteja wa Mombasa angelinunua nini humo?

Kifaa rahisi cha MP3 kutoka China, kisicho na masharti, na baadaye simu yenye kadi ya kumbukumbu, ndivyo vilivyomfaa. Ila urahisi huo huo wa kunakili ulimpokonya mwimbaji malipo yake.

Bhalo alifariki 2014, Zein 2016. iPod ilisitishwa Mei 2022. Kaseti ambazo hazijahamishiwa kwenye kompyuta zinazidi kuharibiwa na joto na unyevu wa pwani.