Mteuzi wa Waigizaji Afike Mbebe

Mchezo wa kuigiza huweza kuharibika kabla pazia halijafunguliwa, pale nafasi inapokabidhiwa mtu asiyeifaa. Ndiyo maana nchi zenye viwanda vikubwa vya filamu zina mteuzi wa waigizaji: husoma mchezo, hutafuta watu, huwasaili, kisha humpelekea mwongozaji wale wachache wanaostahili. Kazi hiyo ilikaa kivulini muda mrefu. Ni mwaka 2024 tu ambapo watoaji wa tuzo za Oscar huko Marekani walitangaza kuitengea tuzo yake, kwa filamu za kuanzia 2025.

Jirani zetu wa Uganda wameshaiona faida yake. Filamu ya Queen of Katwe, iliyotoka mwaka 2016, ilihitaji binti wa kuigiza maisha ya Phiona Mutesi, mcheza sataranji. Wasichana walitazamwa kwa mamia. Aliyepatikana, Madina Nalwanga, alikutwa kwenye darasa la ngoma mjini Kampala, wala hakuwa amewahi kuigiza katika filamu.

Kwetu nafasi nyingi hugawanywa kwa kujuana, tena Dar es Salaam. Kijana wa Mbebe, wilayani Ileje, anayechekesha kijiji kizima jioni, atasailiwa na nani? Nauli hana. Na tusidanganyane: usaili wa mlango uliofungwa ndio unaozaa rushwa ya ngono, kosa lililotajwa waziwazi katika sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Tunadai usaili utangazwe kupitia maofisa utamaduni wa wilaya, ufanyike hadharani, na mteuzi alipwe na mtayarishaji, kamwe si na msailiwa.