Chanjo ya Mbwa ni Huduma ya Afya ya Binadamu

Huko Katumba, katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, mbwa ni mlinzi wa nyumba na shamba, na paka huwinda panya ghalani. Wanyama hao hutembea huru na kucheza na watoto. Kwa hiyo chanjo yao isihesabiwe kuwa shughuli ya idara ya mifugo pekee. Ni huduma ya afya ya binadamu, na ipangwe na kugharimiwa hivyo.

Kichaa cha mbwa huua karibu kila mgonjwa aliyekwisha kuonyesha dalili. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo vipatavyo 59,000 duniani kila mwaka, vingi vikitokana na kung'atwa na mbwa. Aliyeng'atwa huokolewa kwa kuosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kupata chanjo kituoni bila kuchelewa. Hata hivyo, chanjo hiyo hutolewa kwa dozi kadhaa, na kila dozi ina nauli yake. Mkulima anapouza mahindi ya chakula ili mwanawe apone, hulipia kwa gharama kubwa balaa ambalo sindano moja ya mbwa ingelizuia.

Ushahidi upo nchini. Wilayani Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza katika miaka ya 1990 zilifuatiwa na kupungua kwa ugonjwa huo na kwa idadi ya watu waliong'atwa. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kwa kuwa mbwa huzaliwa na kufa kwa kasi, kampeni irudiwe kila mwaka, bila malipo, karibu na vitongoji, na watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani kwa kisingizio cha udogo.

Wapo wanaodai kuwa dawa ni kuwaua mbwa wazururao. Wengi wa mbwa hao wana wenyewe, na anayeuawa huenda ndiye aliyekwisha kuchanjwa. Nafasi yake huchukuliwa na asiye na kinga.

Mhudumu wa zahanati anapompokea aliyeng'atwa, amjulishe afisa mifugo siku hiyo hiyo, kwani mnyama yule anaweza kumng'ata mwingine. Mwenye mbwa au paka naye atunze cheti cha chanjo kama atunzavyo kadi ya kliniki ya mtoto. Vyote viwili hulinda nyumba ileile.