Ujumbe wa Kazi Nao Upige Hodi



Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe si na simu. Ni na ule ushauri tunaopewa kila tunapolalamika kuwa barua pepe na jumbe za kazini zimetuzidi: "Jipange." Amka mapema zaidi, weka programu ya kukukumbusha, futa usichokihitaji, jibu haraka. Maneno yote hayo anaambiwa anayepokea. Anayetuma haambiwi hata neno moja. Mimi nasema tumemkamata asiye na kosa. Wengi wa wanawake wanaolala na simu mkononi wamejipanga vizuri sana. Wasiojipanga ni wale wanaowaandikia.

Nasema haya kwa ninayoyaona huku Kusini, ninakofanya kazi baina ya Masasi na Newala. Kwa wasiopajua: Masasi ipo chini, mji wenye milima ya mawe pembeni yake. Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Sisi wa Unguja tuna mafungamano ya zamani na huku. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakapitia Lindi, wakaweka makazi Masasi. Barua ya zama hizo ilibebwa kwa miguu mpaka pwani, kisha ikapanda chombo. Mwandishi alijua jibu litachukua muda mrefu, kwa hiyo alifikiri kwanza: namwandikia nani, na nataka nini kwake? Leo ujumbe unafika kabla mtumaji hajamaliza kufikiri.

Nani hajajipanga?

Mchukue muuguzi mfawidhi wa zahanati ya kijijini, huko Newala. Asubuhi anahudumia wagonjwa. Anajaza vitabu vya MTUHA, na mwisho wa mwezi anajumlisha na kupeleka taarifa. Fedha za kituo zina mfumo wake, FFARS, nao unamsubiri. Hiyo ni kazi, na hakuna anayebisha. Kinachomchosha ni kile kinachokuja juu yake: kundi la WhatsApp la kata, kundi la idara, kundi la chanjo, kundi la afya ya mama na mtoto, na barua pepe yenye kiambatisho asichoweza kukifungua kwenye simu ndogo. Jumatatu anaulizwa watoto waliochanjwa ni wangapi. Jumatano mwingine anauliza hilohilo katika jedwali jingine. Ijumaa wa tatu anataka lilelile, "kwa picha, haraka." Hesabu hiyo tayari ipo kwenye MTUHA. Waulizaji wote watatu wana njia ya kuipata bila kumgusa.

Sasa niambieni, hapo nani hajajipanga?

Mwalimu mkuu wa skuli ya msingi hali yake ni hiyohiyo. Na karani wa AMCOS, inapofika Oktoba msimu wa korosho ukafunguka, ndio usiseme. Mzigo unapokelewa, unapelekwa ghalani, stakabadhi zinatoka, minada inaitishwa, orodha za malipo zinaandaliwa. Jina moja au namba moja ya akaunti ikikosewa, mkulima anakaa bila pesa yake. Ujumbe wa kusahihisha kosa hilo ndio wenye thamani kuliko zote siku hiyo. Lakini umekaa wapi? Chini ya "asante mwenyekiti" arobaini, pongezi za kuzaliwa, na picha ya waridi yenye maneno ya asubuhi njema. Mkulima amelima, amepalilia, ameokota, na haki yake imezama chini ya waridi.

Na kifurushi cha kupokea hayo yote anakinunua nani? Ananunua mwenyewe. Simu yake, chaji yake, pesa yake. Ofisi imeingia mpaka pochini mwake na bado inamwambia hajui kupanga mambo.

Tulikuwa na masjala

Watu wanazungumza kana kwamba utaratibu wa kazi ni kitu kigeni kinachofundishwa kwenye semina. Ofisi zetu zilikuwa nao, na ulikuwa na jina: masjala. Barua ikiingia inaandikwa kwenye rejesta, inapewa namba ya kumbukumbu, inawekwa kwenye jalada lake. Mkuu wa ofisi anaandika dokezo kumtaja afisa anayehusika. Mtu mmoja. Akishaishughulikia, naye anaandika alichofanya, na jalada linarudi. Kesho ukiuliza barua ilifika wapi, masjala inakujibu.

Sisemi turudi kwenye makaratasi na vumbi. Serikali yenyewe imeweka mfumo wa barua pepe za kiofisi na Ofisi Mtandao, chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Vyombo vipo. Kilichopotea ni adabu ya masjala. Barua moja sasa inapigwa picha, inarushwa kwa watu 60, na chini yake neno moja: "Utekelezaji." Wa nani? Kila mmoja anadhani ni mwenzake, au wote 60 wanaifanya kazi ileile. Halafu lawama inamwangukia mdogo kuliko wote, ambaye mara nyingi ni mwanamke.

Watu wa Newala wanajua vizuri maana ya foleni. Uwanda wao uko juu na maji yako chini, na wanawake wa hapa wamehangaikia maji miaka na miaka. Penye foleni ya ndoo kila ndoo ina nafasi yake, na anayejipenyeza mbele anaambiwa mbele ya wote. Vipi ndoo ya maji iwe na heshima hiyo, na muda wa mtu usiwe nayo?

Adabu ya hodi

Hapa ndipo imani yetu inapoingia, na sikulazimisha. Surat an-Nuur imetufundisha tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Sura hiyohiyo imetaja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto na watumishi wa ndani wanatakiwa waombe ruhusa kwanza: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hodi ni mara tatu, usipojibiwa, ondoka.

Mtoto wako mwenyewe, uliyemzaa, anaomba ruhusa baada ya isha. Bosi haombi. Anaingia chumbani saa 4 usiku kwa mlio wa simu: "Naomba takwimu hizo kabla ya saa 2 asubuhi." Ukichelewa kujibu anaweka alama ya kuuliza. Ukikaa kimya anakutaja kwa jina mbele ya kundi zima. Hii si bidii ya kazi. Ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi.

"Na dharura je?"

Nalijua jibu litakalokuja: kazi za umma zina dharura. Kweli kabisa. Lakini dharura ina njia yake, na huku inaonekana waziwazi. Mama mjamzito akipata tatizo usiku kijijini, watu hawamwandikii mtu barua pepe. Wanapiga 115, namba ya bure ya m-mama, na usafiri wa kumfikisha hospitali unatafutwa. Mtu anapiga, mtu anapokea, kazi inaanza. Jambo la kufa na kupona linapigiwa simu. Kwa hiyo jedwali la saa 4 usiku ambalo hakuna aliyeona haja ya kulipigia simu, kwa ushahidi wa mtumaji mwenyewe, si dharura. Ni mtu aliyelikumbuka jambo lake akiwa kitandani.

Na sheria hatukuitunga sisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 kila wiki. Mtu aliyetoka ofisini saa 9:30 alasiri, saa 4 usiku bado yumo katikati ya mapumziko yake. Ufaransa tangu 2017 makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yanatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima simu za kazi. Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka mswada wa namna hiyo mwaka 2022, na waajiri wakaja juu. Waje juu, angalau jambo limesemwa hadharani. Kwetu bado tunanong'onezana jikoni.

Ninachokitaka

Kwa wanaotuma:

1. Andika jina la anayetakiwa kufanya, kitu unachokitaka, na siku unayokitaka. Usipoweza kuvitaja vitatu hivyo, hujawa tayari kutuma.
2. Kabla hujauliza takwimu, tazama kama unayo tayari. Usimfanye muuguzi kuwa kabati lako la majalada.
3. Kundi la kazi liwe la kazi. Pongezi na rambirambi zifunguliwe kundi lake.
4. Umekumbuka jambo usiku? Liandike kwenye daftari lako, ulitume asubuhi. Likiwa ni la dharura kweli, piga simu.

Kwa sisi tunaopokea: tuwe na nyakati tatu za kufungua jumbe ndani ya saa za kazi, yaani tukifika, mchana, na kabla ya kuondoka. Tuwe na daftari moja lenye safu nne: tarehe, nani, anataka nini, lini. Hiyo ndiyo masjala yako. Na tujifunze kujibu kwa heshima bila woga: "Nimepokea, mkuu. Nitaileta Jumatano saa 4 asubuhi." Sentensi hiyo si utovu wa nidhamu. Ni ahadi yenye tarehe, na ofisi nyingi hazijawahi kupewa kitu kizuri kama hicho.

Na wenzetu mliopanda vyeo, nanyi nawasemesha. Mwanamke aliyeteswa na jumbe za usiku, akipata kiti kikubwa akaanza kuzituma yeye, amebadilisha nini? Mlio chini yenu wana watoto wa kuwasomesha Qur-aan, wazazi wa kuwapigia simu, na waume wanaotaka kusikilizwa. Wanahitaji pia usingizi, na usingizi ni neema ya Mwenyezi Mungu, haugawanywi na mkuu wa idara.

Basi ukiambiwa tena "jipange," uliza kwa upole: nijipange mimi peke yangu, au sote?

Mwenyezi Mungu atupe baraka katika muda wetu. Aamin.