Si Kila Tundu ni Ufa



Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimekua nikiuamini usemi huo, na Idi Kubwa iliyopita ukaniaibisha njiani mbele ya wajukuu zangu.

Wengi wenu mnalijua Land Rover la marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu: Series III fupi, la petroli. Tangi lake la asili, la lita 45 hivi, lilikaa chini ya kiti cha mbele. Lilipoliwa na kutu, mwanangu alitengenezesha jipya la alumini, kubwa zaidi, likafungwa nyuma, na kifuniko kikachukuliwa cha gari la kisasa. Kazi ilikuwa ya kupendeza macho. Lakini mpira wa kupumulia uliishia ndani ya gari, harufu ya petroli ikatukera, na mimi, mtu niliyezoea kufunga majalada, nikauziba kwa skrubu. Nilijiona nimefanya la maana.

Tukaondoka Maskati kwenda Nizwa, safari ya kilomita kama 160. Tulipoipita Fanja injini ilikohoa, ikazima. Nilipofungua kifuniko, hewa iliingia kwa mvumo, na gari likawaka. Mbele kidogo likazima tena. Sababu yake ni nyepesi: pampu inapovuta petroli, nafasi inayobaki tangini sharti ijazwe na hewa. Hewa ikikosa njia, tangi lenyewe huizuia petroli isitoke. Kifuniko cha kisasa hubuniwa kwa ajili ya gari lake, lenye mabomba yake ya mvuke. Ukikitia kwenye gari la mzee, usidhani kitafanya kazi ile ile.

Mtoto wa kaka yangu akasema, “Ami, kilegeze kifuniko, twende zetu.” Nilikataa, na hadi leo nakataa. Kifuniko kilicholegea humwaga petroli kwenye kona. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutanda chini, pale pale watoto wanapoweka miguu, na cheche moja yatosha. Tulifika kwa kusimama mara kwa mara, wanawake na watoto wakishushwa mbali kila nilipofungua.

Kumbe balaa lilikuwa na upande wa pili. Tuliliegesha gari juani, joto likipita nyuzi 40. Mvuke uliongezeka tangini bila pa kutokea, ukaisukuma petroli hadi ikavuja kwenye kabureta, juu ya injini iliyokuwa bado moto. Mungu alitustiri.

Fundi mmoja mzee alitutengenezea. Aliweka mpira mpya unaostahimili petroli, ukaanzia sehemu ya juu kabisa ya tangi, ukapanda, kisha ukatolewa nje ya gari na kushuka mbali na bomba la moshi. Hakuacha mahali unaponing’inia, maana petroli ikituama hapo huziba njia. Akatia na vali inayopitisha hewa na mvuke, lakini hujifunga gari likipinduka.

Wapo jamaa wanaosema kosa letu lilikuwa kuligusa gari la baba, lingeachwa lilivyo. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Tangi lenye kutu lisingetufikisha popote, na baba mwenyewe hakuwa mtu wa kuweka chombo kibovu uani kwa ajili ya kutazamwa. Kosa letu lilikuwa kubadili nusu na kuiacha nusu. Aliyeongeza ukubwa wa tangi amejitwika pia kazi ya kulipatia pumzi. Nawaona vijana wetu wakigharimia rangi, viti na taa za magari ya babu zao, na picha wanazotuletea zinafurahisha. Mpira wa kupumulia hauonekani pichani, basi hakuna anayeuliza habari zake.

Basi mimi nasema si kila tundu ni ufa. Kabla hujamlipa fundi, muulize mambo mawili: hewa inaingilia wapi, na mvuke unatokea wapi? Asipoweza kukuonyesha kwa kidole, gari hilo lisipakie watoto.