Namba za Bibi ni Kazi Yetu
Katika baadhi ya nyumba zetu, kuanzia Birkat al Mauz hadi Ibra, bibi huzungumza Kiswahili, daktari Kiarabu au Kiingereza, na karatasi ya vipimo hubaki kwenye mfuko wa dawa bila kusomwa. Naamini hapo ndipo wanachama tunapohitajika.

Kolesteroli, yaani lehemu, ikizidi haiumi. Hujijenga taratibu ndani ya mishipa hadi siku moyo unapokosa damu. Kwa hiyo “sijambo, sisikii kitu” si jibu. Wala jumla peke yake haitoshi: tutazame LDL, lehemu mbaya, kisha tuulize kuhusu kisukari, shinikizo la damu, sigara na umri. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo hulengewa LDL ya chini zaidi kuliko mwenye afya.

Tumweleze bibi kwamba namba zikishuka, vidonge ndivyo vilivyozishusha. Asiviache bila kumwuliza daktari. Samli ipunguzwe, lakini lehemu nyingine hurithiwa: baba akiugua moyo kabla ya miaka 55, au mama kabla ya 65, nasi tukapime.

Insha tunaziandika vizuri. Sasa Kiswahili kimfae na yule aliyetufundisha.